Mbwa Mchanga Anayeogopa Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huja kwa wingi nyakati mbili za mwaka: masika, mbwa anaporudi nyumbani na matope hadi masikioni, na Desemba, familia inapopanga safari ya Bagamoyo au Diani na kuamua kwamba mbwa naye aende. Tumeanza na ya msingi. Mambo yasiyo ya kawaida yako mwishoni.

## Ya msingi

1. Kwani mbwa hazaliwi anajua kuogelea?

Mbwa wengi wakijikuta kwenye kina hupiga miguu, lakini kupiga miguu kwa hofu si kuogelea. Wapo waliozalishwa kwa kazi za majini, kama Labrador na Newfoundland, ambao wavuvi wa Kanada waliwatumia kuvuta nyavu. Wapo pia ambao maumbile yao yanawakatalia: bulldog na pug wana kichwa kizito, pua fupi na miguu mifupi, na wanaweza kuzama kwenye bwawa la nyumbani huku watu wanawatazama. Basenji, mbwa wa asili ya Kongo, anajulikana kwa kukwepa hata umande.

Mbwa wetu wa kienyeji hana upande. Wengine wanaishi ufukweni na kuoga kila jioni bila kufundishwa, wengine wanazunguka dimbwi la maji ya mvua kana kwamba kuna nyoka ndani.

2. Kwa nini mbwa wangu anaogopa maji?

Mara nyingi si maji yenyewe. Mbwa huogopa kile kilichokuja pamoja na maji mara ya kwanza.

Tazama mtoto wa mbwa wa kawaida wa mitaani kwetu. Maji ya kwanza kumlowesha mwili mzima ni ya dawa ya kupe. Ameshikwa shingo na watu wawili, amesimamishwa juu ya saruji inayoteleza, dawa inamwasha kwenye mikwaruzo, tone linaingia jichoni, na akilia anafokewa. Katika akili yake vyote vinafungwa fundo moja: ndoo, karai, sauti ya bomba, na mtu aliyekunja suruali. Wiki mbili baadaye anakuona umekunja suruali na tayari yuko chini ya gari.

Sababu nyingine tunazokutana nazo ni mpira wa maji uliofunguliwa kwa nguvu usoni, maji masikioni, sakafu ya marumaru, au kutupwa majini na mtoto wa jirani kwa mzaha. Halafu kuna asiyewahi kuonjeshwa. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 12 hadi 14, mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote. Aliyepita umri huo bila kukanyaga hata dimbwi ataliona dimbwi kama kitu cha kutiliwa shaka. Huyo hana jeraha la nyuma, na kwa kawaida hubadilika haraka.

3. Jirani anasema mbwa anayeogopa maji ana kichaa. Ni kweli?

Hapana, na mkanganyiko huu umewagharimu mbwa wengi wazima maisha yao. Woga wa maji ni dalili mashuhuri ya kichaa cha mbwa kwa *binadamu*: mgonjwa akijaribu kunywa, koo hukaza kwa maumivu makali. Mbwa mwenye kichaa hakimbii maji kwa namna hiyo. Anaweza kushindwa kunywa kwa sababu misuli ya koo na taya imepooza, na ameonekana hata akipita kwenye maji bila kujali.

Dalili za kweli kwa mbwa ni kubadilika tabia ghafla (mpole anakuwa mkali, au mkali anakuwa mpole kupita kawaida), udenda mwingi, taya kulegea, mlio kubadilika, kuyumba na kupooza. Mbwa anayekimbia beseni lakini anakunywa maji yake vizuri, anakula na kucheza, anaogopa beseni tu.

Lakini ukiona dalili hizo, usimfungue mdomo kuangalia kama amekwamwa na mfupa. Mtenge na umwite daktari wa mifugo. Mtu aking'atwa, au udenda ukigusa jeraha, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuchomwa chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

4. Nitajuaje ni hofu na si ukaidi?

Mbwa mkaidi anakutazama usoni. Mwenye hofu anatazama pembeni, weupe wa macho unaonekana, masikio yamelala nyuma, mkia uko tumboni. Analamba midomo ilhali hakuna chakula, anapiga miayo ilhali hana usingizi.

Kipimo rahisi ni chakula. Mpe kitu anachokipenda mno. Akikikataa mbele ya beseni na kukila ukirudi nyuma hatua tano, unajua mpaka wa hofu yake uko wapi, na hapo ndipo kazi inapoanzia. Kuwa makini pia na anayesimama kama gogo bila kujitetea. Watu humsifu kwamba ametulia, kumbe amekata tamaa.

5. Nianze akiwa na umri gani?

Mazoezi ya beseni kavu (swali la 6) yanaweza kuanza akiwa na wiki saba au nane, mara tu anapofika kwako. Fukwe na madimbwi ambako mbwa wengi hupita yasubiri amalize mfululizo wa chanjo, ambao kwa kawaida huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa hadi afikishe wiki 16. Virusi vya parvo, vinavyowaharisha watoto wa mbwa hadi kufa, hukaa muda mrefu ardhini, na maji yaliyotuama yenye mikojo ya panya hueneza homa ya leptospira.

## Kuoga nyumbani

6. Nianzie wapi hasa?

Pakavu. Weka beseni pana uani, tupu kabisa, na ndani yake tandika gunia au taulo kuukuu ili lisiteleze. Tupia dagaa ndani. Dagaa wa Mwanza waliokaushwa juani bila chumvi wanafaa sana. Vipande vidogo vya maini ya kuku yaliyochemshwa navyo havina mpinzani. Kisha kaa pembeni na unyamaze. Usimwite, usimsukume.

Ataanza kwa kurefusha shingo ilhali miguu ya nyuma imebaki mbali, imejikunja tayari kutoka mbio. Hiyo miguu ya nyuma ndiyo ya kutazama, uso utakudanganya. Siku anapoingia na miguu yote minne, anakula pole pole na kunusa kona za beseni akitafuta dagaa aliyesahaulika, songa mbele.

Hatua inayofuata ni maji ya kina cha kucha, vuguvugu, yaliyomiminwa yeye akiwa hayupo. Mlio wa maji kumwagika ni somo lingine, usiyachanganye. Akizoea kukanyaga, leta kopo tupu na umguse nalo mgongoni. Kopo, halafu dagaa. Kopo, halafu dagaa. Baadaye kitambaa kilicholowa, kisha maji kidogo miguuni, mapajani, mgongoni. Kichwa huja mwisho, na kwa kitambaa tu.

Mpangilio huo una maana kubwa. Maji yatangulie, chakula kifuate. Ukianza kwa kumwonyesha dagaa halafu ukammwagia maji, atajifunza kwamba dagaa ni mtego, na utakuwa umeharibu beseni na dagaa kwa pamoja.

Akikataa kula wakati wowote, umevuka mpaka. Rudi hatua moja, maliza kwa kitu anachokiweza, funga kazi kwa siku hiyo. Dakika tano zinatosha.

7. Itachukua muda gani?

Asiyewahi kuumizwa: siku chache hadi wiki mbili. Aliyeogeshwa kwa nguvu mara nyingi: miezi, na katikati atarudi nyuma. Anayekuahidi siku tatu anakuuzia kitu.

8. Maji ya moto au ya baridi?

Vuguvugu. Joto la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39, kwa hiyo maji ya bomba ya asubuhi yanayokuburudisha wewe Dar es Salaam yeye yanampiga kwa ubaridi, na Arusha au Nairobi ndiyo usiseme. Pima kwa kiwiko kama unavyopima maji ya mtoto mchanga. Tenki jeusi la juu ya paa nalo liangaliwe: saa nane mchana maji ya kwanza kutoka yanaweza kuunguza. Ogesha kukiwa na jua ili akauke.

9. Sabuni gani?

Shampuu ya mbwa ikipatikana. Isipopatikana, maji matupu ni bora kuliko sabuni ya unga au ya kipande ya kufulia, ambazo hukausha ngozi na kuleta mwasho. Dawa za kuulia vijidudu za nyumbani zisiguse ngozi yake. Humchoma, na akijilamba humeza. Mbwa anayewashwa baada ya kila kuoga ana sababu nzuri ya kuogopa kuoga.

10. Amejaa kupe sasa hivi. Siwezi kungoja mazoezi.

Usingoje, ila tenganisha mambo mawili: kupe watoke kwa njia kavu, mazoezi ya maji yaendelee kivyake. Kuna dawa ya matone inayopakwa shingoni na vidonge vya kumeza, vyote kwa kipimo cha uzito na umri; uliza daktari wa mifugo. Matone ni ghali kuliko dawa ya kuchanganya kwenye ndoo, hilo halina ubishi. Kama fedha haitoshi, kibano na uvumilivu hufanya kazi: shika kupe karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumminya, mtumbukize kwenye spiriti.

Tunachokusihi usifanye ni kumwogesha mtoto wa mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe iliyochanganywa kwa kukadiria na jicho. Dawa zenye amitraz humfanya asinzie, atapike, ayumbe na mapigo ya moyo yapungue. Zile za jamii ya organofosfati huleta udenda, kutetemeka na kuhara. Mtoto wa mbwa anaweza kufa. Akipata dalili hizo, mwoshe dawa yote kwa maji mengi, hata kama analia, umpeleke kwa daktari na kopo la dawa mkononi. Siku hiyo mazoezi yote ya swali la 6 yanawekwa kando bila majuto.

11. Aoge mara ngapi?

Mara moja kwa mwezi humtosha mbwa wa uani mwenye manyoya mafupi, na wengi huoga chini ya hapo bila shida. Matope yakikauka, brashi huyatoa.

12. Beseni sasa analikubali, ila mpira wa maji anaukimbia.

Ni kitu kipya kwake: unatambaa, unazomea, unatema. Anza na mpira uliolala chini bila maji, kwa utaratibu uleule wa swali la 6. Kisha maji yachuruzike taratibu mbali naye, halafu karibu na miguu. Usiweke kidole kwenye mdomo wa mpira ili maji yaruke. Au acha kabisa. Kopo na ndoo vinaogesha mbwa vizuri tu.

## Bahari, ziwa na bwawa

13. Si nimtupe tu? Sisi tulijifunza hivyohivyo.

Atarudi ufukweni akipiga miguu, mtu atasema "umeona, anajua!", na alichojifunza ni kwamba wewe si wa kukaribia ukiwa karibu na maji. Akivuta maji mapafuni, anaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye akiwa nyumbani. Usimtupe, usimbebe hadi kwenye kina, usimvute kwa kamba.

14. Siku ya kwanza ufukweni iwe vipi?

Chagua saa kwa kutazama maji, usitazame ratiba ya familia. Katika pwani yetu bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu), na maji yakipwa huacha vidimbwi mchangani: vya kina cha kifundo, vuguvugu, havina wimbi. Kwa mbwa mwoga hakuna darasa bora kuliko hilo. Tembea naye kando ya kidimbwi, si kukielekea. Kanyaga wewe kwanza, usimwite. Anapotia mguu mmoja kwa hiari yake, dagaa. Akiutoa, sawa.

Wimbi lije siku nyingine. Kinachomtisha mara nyingi ni jinsi linavyomfuata kisha likarudi, kwa hiyo mwache atazame kwa mbali hadi achoke kulitazama. Mbwa mwenzake mkubwa aliyezoea na mtulivu atamfundisha kwa nusu saa kuliko wewe kwa wiki. Yule anayerukaruka na kubweka atamharibia.

Mfunge kamba ndefu kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Epuka miamba na majani ya bahari, ambako kuna wale viumbe weusi wenye miiba. Usiende naye mbali maji yakiwa yamekupwa sana, yakianza kujaa hurudi upesi na kuwazunguka. Miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, hasa Juni hadi Agosti, pwani nyingi zilizo wazi huchafuka. Mwanafunzi abaki nyumbani na beseni. Mchanga wa mchana upime kwa nyuma ya mkono wako: kama huwezi kuuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi.

15. Alikunywa maji ya bahari. Nifanye nini?

Mafunda machache yanaweza kuleta kuhara au kutapika. Mpe maji ya kunywa yasiyo na chumvi kidogo kidogo, pumzisha. Akinywa mengi, chumvi hupanda kwenye damu: anatapika mfululizo, anayumba, anatetemeka, hata degedege. Huyo ni wa daktari mara moja. Njia ya kuzuia ni kwenda na chupa ya maji na bakuli lake na kumnywesha kila baada ya muda, kwa sababu mbwa mwenye kiu hunywa kilicho mbele yake. Mkirudi, msuuze chumvi kwa maji ya kawaida (sasa unaona kwa nini beseni lilitangulia) na kausha masikio kwa nje.

16. Watu wakilalamika kwa mbwa kuwepo ufukweni?

Wana haki ya kulalamika, na tuseme ukweli, wenye mbwa wengi hatujali vya kutosha. Pwani hii wengi wa majirani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao kwao mate ya mbwa, au mbwa aliyelowa akikugusa, ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayejikung'uta maji karibu na mtu anayejiandaa kwa swala ya alasiri hamletei kero ndogo. Nenda alfajiri baada ya watu wa mazoezi kupungua, chagua kipande kisicho na waogaji, usimwachie kamba, zoa kinyesi. Ufukweni kukiwa kimya, mbwa mwoga naye hujifunza vizuri zaidi.

17. Tunaishi karibu na ziwa. Si salama kuliko bahari?

Hakuna chumvi, lakini kuna kichocho. Ukisimama kwenye maji ya kina kifupi yenye majani pembezoni mwa Ziwa Victoria ukimfundisha mbwa, anayeambukizwa kirahisi ni wewe. Na kuna mamba. Mahali ambapo wenyeji hawaogi, usimfundishe mbwa kuogelea. Waulize wavuvi kwanza, na ukiambiwa kuna kiboko jioni, rudi nyumbani saa tisa.

18. Na bwawa la kuogelea?

Kuingia si tatizo, tatizo ni kutoka. Mbwa huzama kwenye mabwawa kwa sababu hajui ngazi ziko wapi na anakwaruza ukuta hadi nguvu ziishe. Somo la kwanza, la pili na la tatu ni ngazi: mweke kwenye kipandio cha juu, atoke mwenyewe, apewe chakula *nje*. Rudia kutoka pande tofauti. Mvishe jaketi la kuelea kama unaweza kulipata, na kwa bulldog au pug liwe sharti.

## Hali zisizo za kawaida

19. Alisombwa na mafuriko. Sasa hata mvua ikinyesha anatetemeka.

Baada ya mvua za 2024 huko Rufiji na Nairobi, na kila mara Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unapofurika, wapo mbwa waliobaki hivi. Usimwanzishie beseni. Mpe kwanza mahali pakavu, pa juu, ambapo mvua haisikiki sana, na akae hapo bila kuulizwa kitu. Kumkumbatia hakumzidishii hofu, hayo ni maneno tu. Mwache akae nawe akitaka. Mazoezi yaanze kiangazi, na kama hali wala halali kila wingu likitanda, daktari wa mifugo anaweza kumpa dawa ya kumtuliza kwa muda.

20. Alipenda maji, ghafla hataki.

Tafuta maumivu. Nusa masikio: harufu mbaya na kutikisa kichwa ni maambukizi, ya kawaida sana kwa mbwa wanaoogelea. Kagua nyayo, ngozi chini ya mkanda, macho. Mkia ukining'inia kama kamba siku moja baada ya kuogelea sana, misuli yake imechoka. Hupona kwa siku chache za kupumzika.

21. Anajaribu kuniuma nikimwosha.

Acha kumwosha. Meno ni hatua ya mwisho baada ya dalili za swali la 4 kupuuzwa. Akizoeshwa kifunga mdomo taratibu, kwa chakula, kinasaidia siku za lazima. Kamba ya kubana mdomo siku hiyohiyo itaongeza kisa kingine juu ya kile cha maji. Na chanjo yake ya kichaa iwe haijapitwa na wakati.

22. Nimefanya yote, bado hapendi.

Inawezekana hatapenda. Kuogelea si lazima. Anachohitaji maishani ni kuvumilia kufutwa kwa kitambaa kilicholowa, na hapo karibu kila mbwa hufika. Anayelala mchangani akiwatazama ninyi mkioga hajakosa kitu.

23. Sasa tatizo ni jingine: hataki kutoka majini!

Hutokea, hasa kwa waliochelewa kuonja. Tazama sehemu ya nyuma ya mwili ikianza kuzama na mikono kupiga juu ya maji: amechoka, atoke. Mchezo wa kurushiwa fimbo ziwani au bwawani kwa muda mrefu humfanya ameze maji mengi hata bila kunywa, na akianza kuvimba tumbo, kutapika na kulegea kama mlevi, ni dharura. Usimwite mara moja tu siku nzima, ile ya kuondoka, maana atajua wito wako ni mwisho wa raha. Mwite angali na nguvu, mpe dagaa, mwache arudi majini. Akishazoea kuja na kurudi, ndipo umfunge kamba muondoke.